Wasomaji Wauliza: Kuhama Habu Bila Kuzima Nyumba

Barua za safari hii zimetoka Lamu na Malindi, na zote zinahusu habu, yaani kile kisanduku kinachopokea taarifa za vihisi na kutoa amri kwa taa, feni na pampu. Wako wanaotaka kuihama, na wako waliokwisha kuihama mambo yakawakwamia. Tumeanza na barua ya Shela kwa sababu majibu mengine yanaegemea jibu lake.

Assalam aleikum. Nina nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, ghorofa tatu zinazozunguka kiwanda, yaani ua wa wazi wa katikati. Vifaa vya Zigbee, yaani vinavyozungumza na habu kwa mawimbi ya redio, vinapita thelathini: taa, feni, vihisi vya milango na vitufe vya kando ya kitanda. Habu yangu inategemea seva za kampuni iliyoitengeneza, kwa hiyo intaneti ikikatika mgeni hubonyeza kitufe na taa haiwaki. Nataka kuhamia Home Assistant, ile programu ya habu inayofanya kazi ndani ya nyumba yenyewe. Naweza kumaliza kwa siku moja? Na kanuni nilizoziandika zitahama pamoja na vifaa?

Wa aleikum salaam, ndugu yetu. Kanuni hazihami. Kila mfumo una namna yake ya kuandika kanuni, hivyo zote zitaandikwa upya. Vifaa navyo havihami vyenyewe. Kifaa cha Zigbee hukaa katika mtandao mmoja tu kwa wakati mmoja na hubeba ufunguo wa siri wa mtandao huo. Ni lazima kifutwe katika habu ya zamani kisha kioanishwe na mpya, kimoja kimoja. Siku moja inatosha kwa mikono, ila haitoshi kugundua kilichokosewa. Jipe wiki mbili, na uchague kipindi ambacho wageni ni wachache.

Uamuzi wenyewe tunauunga mkono kwa dhati. Habu ya Revolv ilizimwa mwaka 2016 baada ya kampuni yake kununuliwa na Nest. Iris ya Lowe's ilifungwa 2019. Seva za Insteon zilizimika ghafla 2022, na ingawa baadaye zilifufuliwa, wateja walikwisha kukaa na nyumba zisizoitika. Vifaa vyao vilikuwa vizima kabisa. Kilichokufa ni seva iliyo mbali. Nyumba ya kisiwani, ambako fundi na vipuri husubiri boti, inastahili habu inayofanya kazi hata intaneti isipokuwapo.

Utahitaji Home Assistant Green, kisanduku kilichokwisha kuwekewa programu hiyo, au kompyuta ndogo yenye diski ya SSD. Raspberry Pi, ile kompyuta ya ubao mmoja, ikitumia kadi ya SD hatuipendekezi huku kwetu, kwa sababu kadi hizo huharibika stima ikikatika katikati ya kuandika, na stima hukatika. Green hutumia umeme wa volti 12, ampea 1, na haifiki wati 10, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12, ile inayouzwa kwa ajili ya ruta, yaitosha. Hakikisha ruta nayo ina UPS. Ongeza kijiti cha USB cha Zigbee, ambacho ndicho kitakachozungumza na vifaa, kwa mfano Sonoff ZBDongle-P au ZBDongle-E, pamoja na waya wa USB wa kurefusha, mita moja au zaidi. Usiudharau waya huo. Tundu za USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa ya gigahazi 2.4, na ndiyo masafa ya Zigbee. Kijiti kilichochomekwa moja kwa moja nyuma ya kompyuta husikia nusu tu ya yanayosemwa. Mwisho, nunua plagi tatu mpya za Zigbee za pini tatu za mraba. Kazi yake tutaieleza hivi punde.

Kabla ya kufuta chochote, andika orodha kwenye karatasi: chumba, kifaa, modeli, jina lake katika habu ya sasa, na jinsi ya kukiriseti, yaani kukirudisha katika hali ya kiwandani. Piga picha za skrini za kila kanuni. Baadhi ya habu, ukifuta kifaa, hufuta au hulemaza na kanuni zote zinazokitaja, na hutakumbuka kama taa ya ngazi ilikuwa izime baada ya dakika tatu au tano.

Kisha washa Home Assistant na uiunganishe na habu ya zamani, iwapo aina yako inakubali. SmartThings na Hue, kwa mfano, zinakubali. Hatua hii watu wengi huiruka, na kwetu ndiyo yenye faida kuliko zote. Vifaa vinabaki mahali pake, lakini Home Assistant inaviona na kuviamuru kupitia habu ya zamani. Hapo utaandika kanuni zako upya na kuzijaribu kwa utulivu, nyumba ikiendelea kufanya kazi. Kanuni ikiwa tayari upande wa pili, izime upande wa zamani, la sivyo taa itapokea amri mbili.

Unapoandika, taja vifaa kwa jina la entiti, yaani jina ambalo Home Assistant hukipa kila inachokiongoza, mathalani light.chumba_cha_juu, usitumie kile chaguo cha "kifaa". Sababu ni hii: siku utakapokitoa kifaa katika habu ya zamani na kukioanisha na kijiti, kitapewa utambulisho mpya, na kanuni iliyotaja kifaa itavunjika. Kanuni iliyotaja entiti haivunjiki, mradi ufute entiti ya zamani na kuipa mpya jina lile lile, herufi kwa herufi.

Sasa mawimbi. Ukuta wa matumbawe na chokaa wenye unene wa nusu mita huyameza, hasa ukiwa na unyevu, na dari nzito ya mawe juu ya boriti si rahisi kupenyeka. Njia nyepesi katika nyumba yako ni kiwanda. Zile plagi tatu chomeka moja kila ghorofa, kwenye soketi inayotazama kiwanda kupitia mlango au dirisha, na uzioanishe na kijiti kabla ya kitu kingine chochote, ukianza na ya chini. Kifaa cha Zigbee kinachotumia umeme wa ukutani mara nyingi hupitisha mawimbi ya wenzake, na cha betri hakipitishi. Plagi hizo zitaupandisha mtandao mpya hadi juu kupitia hewa.

Baada ya hapo, hamisha chumba baada ya chumba, ukianza na kilicho mbali kabisa na habu ya zamani na kumalizia na kilicho karibu nayo. Mafundi wengi hufanya kinyume. Huanza karibu kwa kuwa ni rahisi, na wakishaziondoa taa za vyumba vya chini, vyumba vya juu ambavyo bado viko kwenye habu ya zamani hukosa njia. Jioni ile ile mwenye nyumba huambiwa habu mpya ni mbovu. Ukianza mbali, mtandao wa zamani unarudi nyuma kidogo kidogo kuelekea habu yake, na hakuna kinachoachwa nyuma.

Ndani ya chumba kimoja, anza na vya umeme wa ukutani, kisha vya betri. Kitufe na taa yake vihame kwa pamoja, wageni wasilale gizani. Kihisi cha betri hulala mara kwa mara, kwa hiyo wakati habu inakihoji kukitambua, bonyeza kitufe chake kila baada ya sekunde chache kisilale katikati. Kiwekee betri mpya kwanza. Betri ya CR2032 mpya huonyesha volti 3 au zaidi kidogo, na ikishuka chini ya 2.7 kuoanisha huanza kushindikana. Ukifungua kifuniko, tazama pia vibati vya betri. Hewa ya chumvi ya huku huviotesha ukungu wa kijani. Visugue kwa kitambaa chenye spiriti, viache vikauke, ndipo uweke betri.

Waya usizifukie ukutani. Mji wa kale wa Lamu, jirani yako, uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata nyumba ya Shela yenye lipu ya chokaa haistahili kuchimbwa kwa ajili ya swichi. Vitufe vya betri vya kubandika vinatosha.

Niko Malindi, upande wa Casuarina, ninasimamia villa. Tulihama habu miezi miwili iliyopita. Vihisi vya ghorofa ya juu hupotea kila baada ya siku moja au mbili. Nikivioanisha upya vinarudi, kisha vinapotea tena. Vyote ni vipya.

Dada, kuna sababu tatu tunazozishuku, na ya kwanza haihusu habu kamwe. Tazama balbu za Zigbee za ghorofa hiyo. Je, wageni au wafanyakazi huzizima kwenye swichi ya ukutani? Balbu iliyokatiwa umeme haipitishi mawimbi tena, na vihisi vilivyokuwa vikipitia kwake hubaki bila njia. Baadhi ya vihisi, vikiwemo vya Aqara vya aina za zamani, hung'ang'ania kifaa kile kile badala ya kutafuta kingine, mwishowe hukata tamaa na kutoka mtandaoni. Dawa ni plagi isiyoguswa na mtu, labda nyuma ya friji au kabati, moja kwa kila upande wa ghorofa. Balbu zenye swichi ya ukutani usizihesabu kuwa njia.

Ya pili ni mahali ulipovioanishia. Ikiwa ulikaa karibu na habu ukavioanisha vyote mezani, kisha ukavipandisha juu, vingi vinajaribu bado kuzungumza na habu moja kwa moja. Vioanishe pale pale vitakapokaa. ZHA na Zigbee2MQTT, programu mbili za kuongoza Zigbee katika Home Assistant, zote mbili hukuwezesha kufungua mlango wa kuoanisha kupitia kifaa kimoja tu. Chagua plagi ya ghorofani, kisha oanisha kihisi. Saa chache baadaye fungua ramani ya mtandao uone kama mstari wake unapita huko.

Ya tatu ni chaneli. Wi-Fi ya gigahazi 2.4 ikiwa kwenye chaneli 1 hufunika Zigbee 11 hadi 14, ikiwa 6 hufunika 16 hadi 19, na ikiwa 11 hufunika 21 hadi 24. Zinazobaki wazi ni 15, 20 na 25. Chaneli 26 iache, maana vifaa vingi huitumia kwa nguvu ndogo, na vingine haviikubali kabisa. Fungia ruta yako kwenye chaneli moja isijibadilishe yenyewe, na usiwashe upana wa megahazi 40. Kumbuka villa za jirani nazo zina ruta. Pima hewa kwa simu kabla ya kuamua, kwa sababu ukibadilisha chaneli ya Zigbee sasa, vya umeme wa ukutani kwa kawaida hufuata lakini baadhi ya vihisi vya betri vitataka kuoanishwa tena.

Tumenunua nyumba Malindi. Mwenyewe wa kwanza aliondoka na habu yake na kutuachia balbu za Hue na za IKEA. Kila habu tunayojaribu haizioni.

Balbu hizo bado zinaungoja mtandao ulioondoka. Zile za IKEA TRÅDFRI, ziwashe na kuzizima haraka mara sita kwenye swichi. Zikipepesa, zimesahau. Hue haziriseti kwa njia hiyo. Tafuta rimoti ya Hue ya kupunguza mwanga, ya muundo wenye vitufe tofauti vya kuwasha na kuzima, iweke karibu kabisa na balbu inayowaka, na ushike vitufe hivyo viwili kwa pamoja kama sekunde kumi. Balbu itapepesa. Zima balbu nyingine za karibu kwanza. Ukiazima habu ya Hue kwa mtu, pia waweza kuandika namba ya balbu, ile ya herufi na tarakimu sita iliyochapwa juu yake, balbu ikaingia humo, kisha ukaifuta ikawa huru.

Mimi ni mkazi wa Langoni, Lamu. Pampu ya maji ya nguvu ya farasi moja ilikuwa inaongozwa na relei (swichi inayowashwa kwa amri ya habu) ndogo ya ampea 10. Baada ya kuhama habu, stima ilikatika usiku, iliporudi pampu ikawaka yenyewe mpaka tangi likafurika. Wiki iliyofuata relei ikagoma kuzima. Habu mpya ndiyo mbaya?

Hapana, mzee wetu. Hapa kuna makosa mawili tofauti.

Kuhusu stima: kila relei ina mpangilio unaosema ikae vipi umeme unaporudi, yaani imezimika, imewaka, au kama ilivyokuwa. Ulipoiriseti ili uihamishe, huenda mpangilio ulirudi ule wa kiwandani. Ingia kwenye ukurasa wa kifaa na uweke "imezimika" kwa pampu, na "kama ilivyokuwa" kwa taa za vyumba, la sivyo taa zote zitawaamsha watu saa tisa za usiku. Fanya hivi kwa kila kifaa ulichohamisha, si pampu peke yake.

Kuhusu relei: zile ampea 10 zilizoandikwa mgongoni ni za mzigo mtulivu kama balbu za zamani au birika la umeme. Pampu ya nguvu ya farasi moja ina kazi ya wati 746, na kwa volti 240 huvuta kama ampea 5 inapozunguka, lakini sekunde ya kuanza huvuta mara tano hadi saba ya hizo. Kila inapoanza, cheche huyayusha kidogo ncha za ndani za relei, na siku moja zinagandana. Hapo habu husema imezima na pampu inaendelea.

Weka kontakta, yaani swichi nzito inayovutwa na sumaku ya umeme (koili), yenye koili ya volti 240, iliyopimwa kwa mota (alama yake ni AC-3), ampea 12, pamoja na kinga ya mota inayokata mzigo ukizidi. Relei ndogo iwashe koili tu, na kontakta ibebe pampu. Ile swichi ya boya iliyo tangini ipitishwe kwenye waya wa koili hiyo hiyo, mfululizo na relei. Tangi likijaa, boya linakata hata habu ikiwa imekufa. Kisha ongeza kanuni ya muda: ikiwa tangi hujaa kwa dakika 40, pampu izimwe ikifika 50, kwa sababu kisima kikikauka boya halitajua, na pampu inayozunguka bila maji huunguza sili yake. Tungeomba sana kazi hii ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Maji na volti 240 viko mahali pamoja.

Nimekuwa nikitumia Home Assistant kwenye laptopu ya zamani. Nimenunua kompyuta ndogo na kijiti kipya cha Zigbee. Ni lazima nioanishe vifaa vyote arobaini upya? *(Malindi, Maweni)*

Si lazima. Kwa kompyuta, tengeneza nakala rudufu kamili, ipakue kwenye kijiti cha kumbukumbu, kisha irejeshe kwenye mashine mpya wakati wa kuanza. Tangu toleo la 2025.1 nakala za kujiendesha hufungwa kwa ufunguo, kwa hiyo uhifadhi ufunguo huo nje ya laptopu, kwani bila huo nakala haifunguki. Ukibaki na kijiti kile kile cha Zigbee, kazi imeisha hapo.

Ukibadilisha na kijiti, ZHA ina hatua ya kuhamisha redio inayonakili ufunguo, chaneli na utambulisho wa mtandao kutoka kijiti cha zamani hadi kipya. Ikikuuliza kama iandike pia anwani ya kijiti cha zamani, kubali, ila ujue kwamba vijiti vyenye chipu za Silicon Labs, kama ZBDongle-E, huenda vikakubali kuandikwa anwani mara moja tu. Kwa Zigbee2MQTT, hakikisha kijiti kipya ni cha jamii ile ile ya chipu na cha zamani. Baada ya hapo kijiti cha zamani kisichomekwe tena kikiwa bado na mtandao huo. Vijiti viwili vyenye anwani moja hewani huvuruga kila kitu, na dalili zake, taa zinazoitika mara moja moja, ni ngumu kuzielewa. Subiri siku nzima kabla ya kuhukumu kihisi cha betri. Vingine huamka polepole.

Mwanangu yuko Marekani, ameniletea kufuli ya mlango ya Z-Wave, ule mfumo mwingine wa mawimbi kama Zigbee. Fundi wa hapa Malindi ana habu ya Z-Wave iliyonunuliwa Ulaya na haviunganiki hata vikigusana.

Mama, havitaunganika. Z-Wave ya Marekani hutumia megahazi 908.42, ya Ulaya 868.42. Hata ukipata habu ya Marekani, usiitumie hapa, kwani masafa kuanzia 890 hadi 915 ni ya simu zetu za mkononi zinapozungumza na mnara. Mwambie kijana airudishe ikiwa bado anaweza, achukue ya Zigbee, ambayo masafa yake ni yale yale dunia nzima, na apime kwanza unene wa mlango wako: kufuli nyingi za Marekani zimetengenezwa kwa milango ya milimita 35 hadi 45, na milango ya mbao ngumu ya huku kwetu mara nyingi huzidi hapo.